Papa Sikuli na Watu wa Viti vya Nyuma

Tarehe 30 Juni 2025, Papa Sikuli Kahongya anazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho katika studio yetu ya video ya Bulengera, hapa Butembo, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Sisi tunaobaki tumeshaanza kugombania kiti chake.

Alianza na kanda za video, akaja kwenye diski, na zilipofika blu-rei, zile diski za picha safi, yeye ndiye aliyezigeuza kuwa mafaili ya kutazamwa kwenye simu. Harusi za Butembo na misa za upadrisho za Beni zimepita mikononi mwake. Diski moja ingejaza simu nzima, kwa hiyo lazima picha ibanwe, na kubana ni kuchagua cha kutupa. Hapo Papa Sikuli alikuwa mkali. Neno « automatique », yaani kuiachia kompyuta ichague yenyewe, lilimpandisha hasira. Wateja walishangaa kwamba katika programu yake namba ya kubana ikishuka, picha inabaki safi na faili linanenepa. Aliwaeleza wote bila kuulizwa, hata yule dereva wa pikipiki aliyeingia tu kukwepa mvua.

Kompyuta ikiwa kazini, yeye alikula samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani. Kwa sababu ya harufu tulimfukuza hadi barazani, naye akaendelea kutuamrisha kupitia dirishani.

Lakini ukali wake una chanzo. Miaka kadhaa iliyopita, Mama Jokébed alituletea kutoka Beni diski ya harusi ya dada yake. Baba yao alikuwa amefariki baada ya harusi hiyo, na nyumba yao ilikuwa imeungua pamoja na picha zote. Hayo hakutuambia. Alisema tu anataka harusi iingie kwenye simu yake ndogo, na Papa Sikuli akaibana sana. Maharusi waling'aa. Ila programu ikibana hivyo hutunza panapong'aa na panaposogea. Pembe za giza zilizotulia huzipaka rangi moja tu. Na baba yao, mzee wa haya, alikuwa amekaa nyuma kabisa, gizani, ametulia.

Mama Jokébed alirudi, simu mkononi: « Papa Sikuli, baba yangu ulimuweka wapi? Miye naona tu ukuta. »

Papa Sikuli hakujitetea. Aliomba diski. Ilikuwa imepata mikwaruzo njiani, na mashine ikagoma kuisoma. Aliisafisha, akajaribu tena na tena, kisha akaiendea mashine ya zamani ambayo sisi tulikuwa tunaiwekea vikombe vya chai. Hiyo ikasoma. Alishusha namba, akaacha faili linenepe, halafu akakata kipande cha viti vya nyuma peke yake ili kitoshee kwenye simu. Mzee akaonekana, kofia magotini, macho kwa binti yake. Mama Jokébed alilia. Papa Sikuli alimtangulia. Nilimwona, na asikatae leo.

Tangu siku ile hakugusa namba yoyote kabla ya kumwuliza mteja: « Munatafuta nani mule ndani? » Jibu ndilo lililoamua faili liwe kubwa au dogo. Bibi mmoja alimjibu: « Miye mwenyewe! Siku ile nilikuwa muzuri sana. » Akapewa namba ya chini kuliko ya bibi harusi. Swali hilo limeturudishia wateja hata kutoka studio zenye mashine mpya kuliko zetu, nasi tunajivunia.

Nilipoandaa wasifu huu nilitafuta picha yake katika mafaili yetu yote. Nilipata kiwiko kimoja. Miaka yote hiyo alikuwa nyuma ya kamera, kwenye nyaya.

Papa Sikuli, asante kwa kazi, kwa ukali, na hata kwa wale samaki. Nenda salama nyumbani kwako, pumzika, Mungu akupe afya na wajukuu wakupe kelele. Najua leo pia utachagua kiti cha nyuma. Kaa tu. Jordy wa kamera ameniuliza faili la sherehe hii alibane kwa namba gani, nami nimemwambia ashushe mpaka viti vya nyuma vionekane. Ni weye tunatafuta mule ndani.

Eliane, wa mapokezi