Ngazi ya Kwanza Imefika Kifuani

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu wa kukalia mbele ya karakana ya useremala, baina ya kibanda cha kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Mama Kahawa akishatua birika lake pale, kazi za watu wazima husimama. Wateja wa kudumu ni wawili. Wa kwanza ni Profesa, huyo kinyozi, ambaye hajamfundisha mtu kitu ila husoma kila gazeti kuukuu linaloingia kibandani mwake, hata lililokatika katikati ya habari. Wa pili ni Kapteni, mlinzi wa ghala usiku, mtu ambaye saa hizo alipaswa kuwa amelala, na ambaye unahodha wake hakuna anayejua aliupata katika timu gani. Mwenyeji wao ni Fundi, mwenye karakana, na wiki ile walikuwa wamejitwisha kazi ya kumsaidia.

Fundi alihitaji kusaidiwa, hilo halikuwa siri. Kabati alilowatengenezea watu wa shule lilikuwa zuri, tena limepigwa vanishi hadi unajiona. Tatizo ni kwamba halikupita mlangoni. Lilipasuliwa kwa msumeno mbele ya wanafunzi, nao wakapiga makofi. Sasa mwalimu wa michezo alikuwa amempa kazi ya jukwaa la washindi kwa mashindano ya shule, lile la ngazi tatu, na akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba hii ndiyo nafasi ya mwisho. Akiharibu, madawati ya darasa jipya yatatengenezwa na mtu mwingine. Michezo ilikuwa kesho, na mwalimu angepita leo asubuhi kulikagua.

Fundi mwingine angepima, akakata, akapigilia misumari. Huyu wetu aliuliza kijiwe.

— Bwana Fundi, michezo hii ina historia, alianza Profesa. Wagiriki wa kale pale Olimpia walianza na mbio moja tu. Mshindi naye mmoja tu. Anavishwa taji la majani ya mzeituni, basi. Wa pili alirudi kwao kwa kupita vichochoroni asionekane.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo ngazi ya kwanza lazima iwe mbali na ya pili. Iheshimu historia.

Fundi akaona kuna maana. Akaongeza ubao.

Kapteni hakupenda sifa zote ziende kwa kinyozi. Akasema yeye anajua kuwa Olimpiki za zamani kidogo zilikuwa na mchezo wa kuvuta kamba, watu wazima huku na watu wazima kule, na medali zikatolewa. Profesa alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Hilo, kwa bahati mbaya, ndilo jambo la kweli kabisa alilosema Kapteni wiki nzima, na ndilo pekee lililokataliwa. Alipoona ukweli haumsaidii, akauacha.

— Haya, mnajua kwa nini Wagiriki walikimbia uchi?

— Joto, alisema Fundi.

— Joto wapi. Mafundi cherehani waligoma.

Hili likapokelewa vizuri. Profesa alilifikiria, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kulisoma mahali. Kapteni akapata nguvu. Akawauliza kama wanamjua yule mkimbiaji wa Ethiopia aliyeshinda marathoni ya Roma pekupeku, mwaka 1960. Wanamjua, nani asiyemjua. Na viatu alivivua kwa nini? Kapteni akainama, akashusha sauti: alitaka kusikia kwa nyayo, kama nyoka, wenzake wako umbali gani nyuma yake.

— Ndiyo maana hakugeuka nyuma, akamalizia.

Profesa hakukubali kushindwa kwenye kijiwe kilicho jirani na kibanda chake. Alisema jambo ambalo wote wawili hawakuwa wamelijua: wimbo wa taifa ukipigwa hupanda juu kama moshi. Aliye juu anaupata wote, wa chini wanapata mabaki. Ngazi ikiwa fupi, bingwa atasikia kiitikio tu, na hilo ni kosa kwa nchi nzima. Fundi, ambaye anaipenda nchi yake, akaongeza mbao nyingine mbili.

Walipomaliza kikombe hicho, ngazi ya kwanza ilikuwa imemfika Fundi kifuani. Alirudi nyuma akaitazama. Moyo ulimjaa. Alijiona kesho amesimama pembeni, watu wanaulizana nani kaitengeneza.

Mwalimu wa michezo ndipo akafika. Aliambatana na binti wa kidato cha tatu, bingwa wa tufe wa shule, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, anakisukuma mwenyewe kwa mikono inayoonyesha kwamba hilo tufe huwa linakwenda mbali kweli.

— Shikamooni, alisema binti.

Wakaitikia. Mwalimu alikuwa anatazama jukwaa.

— Fundi, hii ni nini?

Fundi akaeleza: Olimpia, vichochoro, wimbo wa taifa. Kila alivyozidi kueleza alisikia maneno yake yakipungua uzito. Mwalimu akamwambia taratibu kwamba Wagiriki hao hawakuwa na ngazi hata moja. Jukwaa la ngazi tatu lilikuja juzijuzi tu, mwaka 1930, kwenye michezo ya nchi za himaya ya Uingereza iliyofanyika Kanada. Na yule wa Roma alivua viatu kwa sababu vilimbana. Profesa akageukia birika. Birika lilikuwa tupu.

Binti alikuwa ameshalizunguka jukwaa mara moja, akasimama mbele ya namba moja. Namba ilikuwa usawa wa macho yake.

— Kesho nikishinda, napanda vipi?

Kapteni, kwa kuwa ni mtu wa moyo mwema, akajitolea.

— Usiwe na wasiwasi, binti yangu. Tupo. Tutakubeba.

— Na wa pili na wa tatu, nao mtawabeba?

Kapteni akaanza kuhesabu kwa vidole mikono ya kubebea. Binti hakuwa na hasira. Aliongeza tu kwamba mwaka ule ule na mji ule ule wa yule aliyekimbia pekupeku, wanamichezo wa viti vya magurudumu nao walishindana, ndiyo Paralimpiki ya kwanza inayotambuliwa, na hajasoma popote kwamba walibebwa.

Fundi aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Hakuonea aibu kabati, wala madawati ambayo alijua sasa yanamponyoka. Wiki nzima alikuwa amewauliza kinyozi na mlinzi wa ghala, na mtu wa kulipanda jukwaa anasoma hatua chache kutoka hapa. Akachomoa penseli sikioni, akachuchumaa mbele ya magurudumu.

— Mama, niambie wewe. Nikikushushia hii, nikiweka na mteremko, unaweza mwenyewe bila kusukumwa?

— Naweza, ukiwa mrefu. Ukiwa mfupi utanirudisha nyuma.

— Mrefu kiasi gani?

— Laza ubao nikuonyeshe.

Fundi aliangaza karakana nzima. Mbao zote ndefu alikwisha kuzipigilia kwenye ngazi ya kwanza. Mwalimu akatazama saa, ila hakuondoka. Fundi akachukua msumeno na nyundo, akatoka nje hadi pale walipokaa rafiki zake.

— Inukeni, alisema. Nautaka huo ubao mliokalia.