Chumba cha Juu ni cha Tabia

Kaeni karibu, wanangu, wala msinikatize, maana pumzi nliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili. Jaku, mwanangu wa kwanza, na wewe Wanu, dada yake: nyumba hii ya Mkunazini na minazi ya Kiembe Samaki mtagawana kisharia, asiyeridhika akamlalamikie kadhi. Lakini theluthi ni yangu kuitolea wosia, na mjukuu ambaye baba yake yu hai harithi. Basi chumba cha juu, na meza ya marehemu baba yenu, na ufunguo, nampa Tabia binti Jaku, akae humo aandike kitabu chake. Mlidhani theluthi nitaiacha kwa hitima yangu? Nisomeeni kwa ndimi zenu, mnazo.

Najua, Jaku, umemnyang'anya mwanao daftari ukalificha. Umesoma humo kwamba mwanamke fulani, mwaka wa Mapinduzi, aliyachoma maandishi ya mumewe, ukajua ndiye mimi, ukaona mamako anaaibishwa. Ni kweli nliyachoma. Majirani walisema nyumba zitapekuliwa, na mimi kila karatasi yenye herufi za Kiarabu nliiona kitanzi. Mzee Mabrouk, baba yenu, alikuwa ameandika miaka kumi na moja, visa vya watu wa mtaa huu, nami nkamchemshia chai kwa moto ule ule. Hakuja mtu kupekua. Naye hakunilaumu hata neno. Aliishi miaka mitatu asishike kalamu, na hilo ndilo linaloniuma, si kifo hiki.

Sasa na wewe unataka kumfanyia mwanao nlilomfanyia baba yako, kwa kuogopa midomo ya watu? Mficha uchi hazai. Lilete daftari, umkabidhi mbele yangu. Usipolileta radhi zangu huna, na jeneza langu usilishike.

Hapo sawa, daftari limerudi kwa mwenyewe. Ahsante, baba.

Tabia, mke mwenzangu, nasikia yule mwanamke mwenye kiberiti kitabuni mwako umempa jina la kubuni ili unistiri. Lifute. Usimwonee huruma, wala usimsingizie. Wakikwambia mtoto wa kike haandiki mambo hayo, funga mlango, ufunguo unao.

Mnizike kabla ya alasiri, msiwangoje jamaa wa Matemwe. Nyote nakupeni radhi zangu, Mungu akufungulieni njia, asikutieni woga nlioutiwa mimi. Wanu, nielekeze kibla... taratibu.

Tabia, shika kalamu, nami nikuone. Andika jina langu. Mwanakheir... binti Pandu... wa Mkunazini. Ndiye aliyechoma.