Fomu Niliyoikunja Mara Tano

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Baba Paroko, walimu wetu, ndugu wageni waalikwa, na wazazi wenzangu mliotoka Nesitu na Hai Mauna tangu alfajiri: nawasalimu nyote. Mimi ni Ketty, muuza vitenge wa soko la Konyo Konyo, mama yake Keji. Ndiyo, Keji yule yule, wa kwanza katika wakunga wote wanaohitimu leo. Nitalisema tena kabla sijaketi.

Miaka mitatu iliyopita nilipokea fomu ya chuo hiki. Nami, kama tulivyobeba karatasi zetu zote tulipokuwa wakimbizi Uganda, niliikunja mara tano, nikaifunga kwenye pembe ya lawo, kitambaa hiki mnachokiona begani mwangu. Karatasi iliyofungwa hapo haikupata kupotea.

Siku ya mwisho ya kurudisha fomu, mimi na Keji tulipofika dirishani, karani akaifungua, akaiangalia, akaniangalia.

“Mama, hii ni fomu au sambusa? Fomu haikunjwi. Jazeni nyingine. Tunafunga saa kumi.”

Saa kumi ilikuwa imekaribia, na meza haikuwapo. Nikainama pale uani, Keji akaweka fomu mpya mgongoni mwangu.

“Mama, usipumue.”

“Nikizimia, utaandikia wapi?”

Kalamu ikatembea taratibu juu ya mgongo ule ule uliombeba akiwa mchanga. Nikafumba macho, nikaona, kama mtu anayeota mchana, wanawake wakija kwake na matumbo yao makubwa, wakirudi na watoto, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka ng'ambo ya mto, na hakuna hata mama mmoja anayelia.

“Hapa wanataka jina la aplikanti,” akasema.

“Ndiye nani huyo?”

“Ni mimi, Mama, ninayeomba. Mwalimu alituambia neno hili asili yake ni Kilatini, lugha ya zamani ya mapadri, na ndani yake kuna kukunja. Unajikunja kukielekea kitu, mpaka unashikamana nacho.”

Je, ndugu zangu, aliyejikunja siku ile alikuwa nani? Jina lililoandikwa ni la Keji. Lakini mimi niliyeishia darasa la nne, nilipokinyoosha kiuno, nilijua kwamba nami nimeomba chuo.

Leo wamenipa cheti chake nikishike. Pembe ya lawo iko tupu, na itabaki tupu. Mkuu wa Chuo, usiwe na hofu: nitakibeba kimenyooka, kwa mikono miwili, kwa miguu yangu, mpaka Konyo Konyo, anayetaka kusoma asome. Keji ni wa kwanza.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa naomba mnipishe njia, nisije nikakikunja.