Mama Cherehani na Maji ya Mlimani

Marehemu mama yetu, Mama Cherehani kwa wengi wenu, alizaliwa bondeni tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa mkulima wa mboga. Alihitimu shule ya msingi huko huko mwaka 1975, kisha akapanda huku mlimani kujifunza ushonaji kwa shangazi yake.

Mwaka 1983 aliolewa na Baba, fundi mwashi. Baba alikuwa amepeleka suruali moja ipunguzwe mara tatu, mpaka Mama akamwambia, "Kaka, ukirudi tena utavaa kaptula. Sema shida yako."

Mtaro wetu ulifurika kila masika. Mwaka 2016, wakazi tulipoamua kuchora wenyewe mpango wa mtaa, wengi walitaka mtaro unyooshwe, maji yateremke haraka. Yateremkie wapi, hakuna aliyeuliza. Mama alishuka bondeni, akarudi mkutanoni na kaka yake, mjomba wetu, na wakulima wenzake.

Ukumbi ulichafuka.

"Hawa wamealikwa na nani?" mwenyekiti akauliza.

"Na maji," Mama akajibu.

Mtu akapaza sauti, "Anakula kwetu, anatetea kwao!" Viti vikasukumwa. Mjomba akainuka aondoke, Mama akamshika mkono. "Keti. Ukitoka, watachora bila wewe."

Mwishowe walikubaliana lichimbwe bwawa katikati ya njia ya mtaro, la kuyapunguza maji kasi. Lilipokuja suala la nani atatoa kiwanja, kila mtu akatazama chini. Mama akatoa chumba chake cha kushonea, bila kushauriana na Baba aliyekijenga. Baba alikasirika. Wiki ya tatu Baba akachukua nyundo. "Nilijenga mwenyewe, nitabomoa mwenyewe. Asije mtu akanivunjia matofali." Tangu hapo Mama alishonea sebuleni.

Masika ya 2018 mvua ilinyesha usiku kucha. Kulipokucha, watu wa mlimani walisimama ukingo huu, wa bondeni ukingo ule, wakitazamana kama wenye kesi. Maji yakapanda hadi ukingoni, yakatulia. Mjomba akazunguka bwawa, akampa mwenyekiti mkono.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua Mama. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, mvua kubwa ikiwa imepita siku chache kabla. Jana yake alimuuliza Mjomba, "Mboga zimepona?"

"Zimepona, dada."

"Usinidanganye kwa kuwa naumwa."

Mjomba akamwonyesha matope ya shambani kwenye viatu vyake. Mama akacheka.

Ameacha mume, kaka, watoto watatu na wajukuu watano. Lala, Mama, kwa amani uliyoihangaikia.