Fundi Ogweno na Injini Iliyopangwa Miaka Kumi na Mmoja

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Fundi Fred Ogweno atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho katika Karakana ya Mwangaza, mjini Kisii. Ametumikia miaka thelathini na mitano kasoro siku nne. Siku hizo nne aliomba azimalize, akaambiwa aende tu nyumbani.

Alifika kutoka upande wa Homa Bay mwaka 1991, kijana wa miaka ishirini na mitano, spana moja mfukoni. Mwanzilishi wetu, marehemu Mzee Ishwar, alimuuliza kama anajua kufungua injini. Akajibu: "Kufungua najua. Kufunga ndiyo nimekuja kujifunza." Aliajiriwa siku hiyohiyo, kwa ukweli wake.

Amekuwa fundi mkuu tangu 2003, na mafundi zaidi ya arobaini wamepitia mikononi mwake. Ndiye aliyefufua ambulensi iliyokwama njia ya Nyamarambe ikiwa na mama mjamzito ndani, kwa kufunga soksi ndefu za mkunga mahali pa mkanda wa feni uliokatika. Mtoto alizaliwa salama, akaitwa Fredah. Soksi hazikurudi.

Lakini tusidanganyane. Jina la Fundi Ogweno limebebwa na ile Honda Civic yake nyekundu ya 1993, ya milango miwili.

Mwaka 2014 injini ya gari hilo ilipokufa, Fundi alitangaza kwamba hatanunua nyingine. Ataunda chotara: bloku ya injini ya Honda CR-V, ambayo ni kubwa lakini pole kama ng'ombe wa maziwa, na juu yake kichwa cha injini ya Honda Integra, ambacho valvu zake hufunguka zaidi injini ikishika kasi. Mwili wa mmoja, hasira za mwingine. Bloku tulikuwa nayo. Kilichobaki, alisema, ni kupanga.

Alipanga. Kufikia 2019 alikuwa amejaza madaftari kumi na manne. Daftari la tatu lote lilihusu gasketi, kile kipande chembamba cha kuziba kati ya bloku na kichwa. La sita lilikuwa orodha ya makosa ya la tano. Kila Jumatano saa nne tulikaa kikao, chai mkononi, na mimi mtunza stoo, Gentrix Apondi, nikiwa katibu. Mwaka 2017 tulijadili urefu wa boliti moja kwa vikao vinne, na hatukuafikiana.

Gari lenyewe lilikaa karibu na lango mpaka likawa anwani. Vifurushi viliandikwa "mkabala na Civic nyekundu." Jirani mmoja alichapisha kadi ya harusi yenye ramani, na katika ramani hiyo Civic ilikuwepo, kanisa halikuwepo.

Kichwa cha Integra kilipatikana 2022, huko Magwagwa, sokoni kwa Mama Nyangate. Alikuwa akikitumia kama jiwe la mizani la kupimia ndizi.

"Fundi, hicho chuma ndicho kinajua ndizi zangu," alimwambia. "Ukikichukua, mimi nitamuuliza nani?"

Fundi akaahidi kumtafutia chuma kingine cha uzito uleule. Tukakibeba hadi kwenye mizani ya kituo cha kununulia majani chai ili tujue uzito kamili. Mama Nyangate aliamini ni kilo ishirini. Mizani ikasema ishirini na nne.

Aliisoma mizani mwenyewe, mara mbili. "Kumbe miaka sita nimekuwa nikiwalisha hawa watu bure!" Akatuambia tukiondoe mbele ya macho yake. Wateja wake, waliposikia, waliitisha mkutano kukipinga kitendo hicho, wakisema kichwa kile ni mali ya umma. Tuliondoka kwa kupitia mashamba ya chai, Fundi amekikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Kisha tukaendelea kupanga, hadi Oktoba iliyopita, ambapo Madam Rekha, mkazamwana wa Mzee Ishwar na mkuu wetu wa sasa, alitoka ofisini na kusimama mbele ya Civic.

"Mzee Fred, ukistaafu hii gari iwe imetoka. Itoke na magurudumu yake ama itoke na lori ya vyuma kuukuu. Hapa nataka pa kuoshea magari."

"Madam, nipe wiki mbili nipange."

"Umepanga miaka kumi na mmoja!"

"Hiyo ilikuwa ya kuunda. Ya kuingiza garini sijapanga."

Hakupewa hata siku moja. Akaanza kazi akiwa na uso wa mtu aliyesukumwa mtoni. Aligundua kwamba madaftari la tano na la kumi na moja yanapingana, akayafunga yote, akayapanga chini ya giaboksi ili kuiinua. Kimo kilitosha kabisa.

Mpira wa kupeleka mafuta kutoka nyuma ya bloku hadi kwenye kichwa haukuwa umetajwa katika daftari hata moja. Aliukumbuka akiwa kanisani. Alisimama katikati ya mahubiri akapaza sauti: "Mafuta!" Mchungaji akasitisha neno, akaja na chupa ya mafuta ya upako, akampaka. Fundi alishukuru, akaenda moja kwa moja karakana.

Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, lori la vyuma kuukuu lilikuwa tayari langoni. Fundi aliingia garini, akawasha. Kimya. Akawasha tena, ikakohoa. Mara ya tatu injini ikanguruma mpaka vikombe vikatetemeka mezani. Tulirukaruka, tukakumbatiana, hata dereva wa lori alipiga makofi.

Fundi akazima.

Nilienda dirishani. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Fundi, kuna shida?"

"Hakuna. Inalia vizuri sana."

"Sasa mbona umezima?"

"Gentrix, mpango wangu ulikuwa unaishia hapa."

Sote tulijua hazungumzii gari peke yake. Ndipo Madam Rekha akafungua mlango wa pili, akaketi, akafunga mkanda.

"Twende Nyakoe."

"Kufanya nini, Madam?"

"Sijui. Washa gari."

Walitoka kwa mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, kwa sababu injini mpya haikimbizwi. Walipitwa na pikipiki iliyobeba kochi. Walirudi saa tisa, midomo ikiwa na mabaki ya miwa, wote wawili wakicheka, na mpaka leo hawajatuambia walifanya nini huko.

Fundi wetu, asante kwa subira yako, kwa mikono yako, na kwa kutuonyesha kwamba kazi nzuri haioni haya kuchelewa. Msalimie mama nyumbani. Mwambie tumekurudisha ukiwa mzima. Tunakutakia afya, barabara kavu, na asubuhi nyingi ambazo hujazipangia lolote.