Kefa Mligo na Mabomba ya Mtaa wa Chini

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bwana Afya wetu, Mzee Kefa Mligo, anastaafu tarehe 30 Juni 1960. Njombe itapata Bwana Afya mwingine, lakini sidhani kama itapata mtu mwingine wa kuuliza maswali mengi kiasi hicho kuhusu maji machafu.

Alianza kazi Makambako, kwenye njia panda ya malori. Kabla ya kuagiza chai katika hoteli ya Kornelio, alitaka kwanza aoneshwe maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa wapi. Kornelio alichoka kumtembeza, akamwekea meza uani, kando ya mfereji. Mzee Kefa alishukuru sana, akanywa chai hapo kwa miaka. Mpaka leo hajui kwamba alikuwa anataniwa, au anajua na amenyamaza.

Alipohamishiwa Njombe, alikuta nyumba za Mtaa wa Chini zina vyoo vya maji, na mabomba ya udongo yanateremka kutoka kila nyumba hadi bomba kuu. Tulimtania kwamba ameyaoa. Alikuwa akimimina buluu ya kufulia chooni mwa mtu, kisha anashuka mbio hadi mwisho wa bomba kuu kungoja itokee.

Mwaka 1957, buluu aliyomimina kwa Vestina Mgimba, mjane tunayemwita Mama Romanus, haikutokea. Alirudia, ikagoma. Mtu mwingine angesema bomba limeziba, akaenda zake. Yeye alizunguka kiwanja kizima akijiuliza maji yanakwenda wapi, mpaka akasimama mbele ya milanzi, ile mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi. Ilikuwa imenawiri kuliko milanzi yote ya mjini, na ulanzi wa Mama Romanus ulisifiwa hadi Makambako. Tulipochimba, tukakuta mizizi imepasua bomba na kujaa ndani. Kwa majirani zake ilikuwa vivyo hivyo. Wanywaji wa mtaa ule, nami nikiwemo, tulikuwa wapole wiki nzima.

Kicheko kiliisha upesi. Sheria ya mji ilisema bomba lililo kiwanjani mwako ni mzigo wako: ulitengeneze au uhame. Mama Romanus hakuwa na uwezo wa kununua hata bomba moja, wala hakuwa na kwingine kwa kwenda. Baraza la mji likakaa kufikiria kama liwape wenye nyumba ruzuku ya mabomba na saruji. Mjumbe Linus Haule alipinga kwa nguvu: aliyepanda milanzi juu ya bomba kwa tamaa ya ulanzi, avune alichopanda. Wengi walimwunga mkono.

Mzee Kefa alikuwa ameitwa kueleza habari za mizizi tu, na sote tulijua jina lake limependekezwa kwa cheo cha Bwana Afya Mkuu wa wilaya. Angeweza kukaa kimya. Alisimama.

"Mabwana wajumbe, milanzi ile niliwaamuru mimi waipande, nikiogopa mvua itachukua udongo ulio juu ya mabomba. Mama huyu alinitii. Kama kuna wa kuhama, mwanze na mimi."

Nilikuwa karani wa kikao, nikayaandika neno kwa neno. Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyeongoza kikao, akaita kura. Ruzuku ilipita. Baraza lilitoa vifaa, wenye nyumba wakachimba kwa mgowe, utaratibu wetu wa kulima shamba la mmoja kwa mikono ya wote. Mara hii majembe yalitoka kwenye mahindi yakaenda chooni. Mzee Linus naye alikuja, na Mzee Kefa akamkabidhi upande wenye mizizi mingi.

Cheo kilikwenda kwa mtu mwingine. Sisi wenzake tuliumia, tena tuliogopa hata kulitaja jambo hilo mbele yake. Yeye alikwenda kumpokea mkubwa wake mpya kituo cha basi, akambebea begi, na njiani akaanza kumwuliza kwao maji machafu yanaelekea wapi.

Mzee Kefa, tunakushukuru. Ukaishi kwa raha huko kwenu Lupembe pamoja na mkeo, Mama Dorika, mkapate afya na usingizi mtamu. Wakikuuliza kwa nini umerudi na cheo kilekile, waambie waje watembee Mtaa wa Chini. Hakuna nyumba hata moja iliyofungwa.