Jina Alilosafiri Nalo Gaudensia

Habari za mchana, wasikilizaji wapendwa, kuanzia Mbulu juu mpaka Katesh. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Gaudensia Akonaay wa Tumati. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alifariki ugenini, katika nchi moja ya Ghuba, nyumba waliyolala wafanyakazi iliposhika moto.

Gaudensia alikuwa mtu wa vicheko. Ng'ombe aliyempiga kila mtu teke, kwake alitulia, maana alimwimbia nyimbo za kwaya huku akimkamua. Ugali wake ulikuwa na madonge. "Ukilalamika anakuongezea," anasema dada yake, Letisia.

Simu iliingia Jumanne asubuhi. Letisia alikuwa shambani, anapalilia maharage. Aliyepiga alijitambulisha: Severina, afisa wa ubalozi wetu.

"Nasikitika kuwajulisha. Ndugu yenu Letisia Akonaay amefariki."

"Shikamoo," akajibu Letisia. "Letisia ni mimi."

Zikasikika karatasi zikipekuliwa.

"Dada, naomba niongee na mtu mwingine wa familia."

"Hapa niko peke yangu. Mimi na jembe."

Tusimame kidogo hapo, wasikilizaji. Gaudensia alipotaka pasipoti, nyumbani kulikuwa na cheti kimoja tu cha kuzaliwa, cha dada yake. Baba akampa hicho. "Wote ni watoto wangu," anasema mzee Akonaay. "Nilidhani cheti ni kama blanketi, anayesafiri ndiye anayejifunika." Basi Gaudensia akaondoka na jina la Letisia.

Letisia alikimbia nyumbani kutoa habari. Mama yao, Marieta, akamtazama juu mpaka chini. "Letisia si huyu hapa? Basi hakuna aliyekufa." Akabandika chai. Simu ya Gaudensia ilikuwa haipatikani siku ya tatu sasa. Mama akasema ni chaji. Letisia naye, kwa muda, akaamini.

Baba mdogo Tito akamvuta pembeni. "Kubali tu kwamba marehemu ni Letisia. Mwili uje. Ukianza kueleza, watamzika huko huko."

"Nikikubali, mimi nitakuwa nani? Mwanangu mama yake nani?"

"Utakuwa Letisia wa hapa. Nani atakuuliza Tumati?"

Mchana Severina akapiga tena. Aliuliza jambo moja. Marehemu ana kovu refu kwenye kiwiko cha kushoto. Mnalijua?

Letisia alilijua. Gaudensia alianguka kutoka kwenye punda akiwa mdogo, na Letisia ndiye aliyemfunga kidonda kwa kanga yake. Mama alikuwa anamwangalia, kikombe mkononi. Akisema hapana, mama ataendelea kunywa chai. Akisema ndiyo, Gaudensia amekufa.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Anaitwa Gaudensia. Jina la kwenye pasipoti ni langu."

Akasubiri kugombezwa.

"Umenisaidia," Severina akamwambia. "Nenda na baba kwa wakili, Mbulu mjini, mkaape kwamba ni yeye. Mimi nafuatilia huku."

Kusahihisha jina kulichukua siku thelathini na moja. Tito alizihesabu kwa sauti. "Ungenyamaza, angekuwa ameshafika." Mama hakumsemesha Letisia wiki nzima.

Siku gari lilipofika Tumati, katekista Ignasi alisoma jina lililo kwenye jeneza: Gaudensia Akonaay. Mama akalirudia mara tatu. Kisha akaketi chini, akalia. Akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akashika gauni la Letisia.

"Bado sijui nilimtendea wema au nilimchelewesha tu," anasema Letisia. "Watu wakiniita, nageuka kumtafuta yeye."

Mzee Akonaay, mama Marieta, Letisia na ukoo wote, poleni sana. Mungu amlaze Gaudensia mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kama mna ndugu aliye mbali, mpigieni leo. Mkishasalimiana, muulizeni: huko unaitwa nani?